Kamera Ipi Nzuri, na Nzuri kwa Nani?

Kwa vijana ninaofanya nao kazi hapa kambini, ubishi wa kamera ni kama ubishi wa Simba na Yanga. Kuna kundi la Canon, kuna kundi la Nikon, na wapo wachache waliosikia jina la Sony wakaamua kuwa chama cha tatu. Wengi wao hawajawahi kumiliki kamera yoyote zaidi ya ile ya simu, lakini ubishi hauhitaji kumiliki. Mwaka huu ubishi umepata uzito kwa sababu kikundi chetu kinachanga pesa, kidogo kidogo, tununue kamera moja ya mtumba. Moja tu. Hiyo hiyo ndiyo itapiga harusi, ubatizo, mahafali na mechi za mpira, na ikilipa iwe mtaji wa vijana wanane. Kuchagua vibaya hapo si mchezo.

Kila siku wanauliza mambo matatu: picha yake ikoje, inaweza kufanya nini, na bei gani. Ni maswali mazuri. Nikaenda kusoma historia ya kampuni za kamera nikitafuta jibu, kumbe maswali hayo matatu yana zaidi ya miaka mia moja, na kila kizazi kimeyajibu kivyake. Nimekuta pia swali la nne, ambalo haliandikwi kwenye boksi la kamera. Nitaanza na bei, maana sisi huwa tunaanzia hapo.

Bei

Miaka ya 1880 mwanzoni, kupiga picha kulikuwa kazi ya fundi mwenye mzigo: sanduku la mbao, miguu mitatu ya kusimamishia, na vioo vilivyopakwa dawa. Mwaka 1888, George Eastman wa mji wa Rochester, jimbo la New York, akatoa kamera ndogo aliyoipa jina la kubuni, Kodak. Iliuzwa dola 25, na ndani yake tayari kulikuwa na filamu ya picha 100. Ukizimaliza, unatuma kamera nzima kiwandani pamoja na dola 10. Wanasafisha picha, wanaweka filamu mpya, wanakurudishia.

Dola 25 wakati ule zilikuwa pesa nyingi kwa mfanyakazi wa kawaida. Basi mwaka 1900 Eastman akatoa nyingine, Brownie. Hii ilikuwa sanduku la karatasi ngumu lenye lenzi ya kawaida kabisa. Bei yake dola 1. Filamu senti 15.

Ukiiweka Brownie mezani pembeni ya kamera za mafundi wa wakati ule, kwa ubora wa picha inashindwa. Kwa uwezo inashindwa pia: haina cha kurekebisha, inataka jua la kutosha na mtu atulie. Lakini iliuzwa kwa maelfu na maelfu, na Eastman alijua anachofanya. Faida yake ilikuwa kwenye filamu. Sisi tunaojua habari ya kununua simu ya bei rahisi halafu kulishwa bando maisha yetu yote, hesabu hiyo tunaielewa bila mwalimu.

Hata hivyo, bei ile ilifungua mlango. Mwaka 1935 mjini Bamako, nchini Mali, mzee mmoja wa ukoo wa Seydou Keïta alirudi kutoka Senegal na kamera ndogo ya Kodak Brownie, akampa. Keïta alikuwa kijana anayejifunza useremala. Alianza kupiga picha ndugu na majirani, na mwaka 1948 akafungua studio yake. Watu wa Bamako walikuja na nguo zao nzuri, saa zao, pikipiki zao, wakakaa mbele ya kamera yake wanavyotaka kuonekana. Leo picha hizo ziko kwenye majumba makubwa ya makumbusho duniani. Studio aliiendesha kwa kamera kubwa na bora zaidi, lakini mlango aliingilia kwa ile ya bei rahisi.

Kwa sisi tuliotoka Kongo kuna sababu nyingine ya kulikumbuka jina la Kodak. Mwaka 1904, huko Baringa, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha baba mmoja aitwaye Nsala. Amekaa barazani, anatazama mkono na mguu wa binti yake mdogo, Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha hiyo na nyingine za watu waliokatwa mikono zilionyeshwa ukutani kwa taa, makanisani na kwenye kumbi za Uingereza na Marekani. Mwandishi Mark Twain, katika kijitabu cha mwaka 1905, alimfanya Mfalme Leopold mwenyewe ailalamikie Kodak. Alitumia jina Kodak kwa maana ya kamera yoyote ndogo, kama sisi tunavyoita kila dawa ya meno Colgate. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia Kongo kwa serikali ya Ubelgiji. Picha peke yake hazikumwangusha. Kulikuwa na ripoti ya Roger Casement na kampeni ya E. D. Morel. Lakini maneno Leopold aliweza kuyakanusha, na picha zilimpa tabu.

Jambo moja tulishike hapo, tutalihitaji baadaye: jina la Nsala tunalijua kwa sababu liliandikwa.

Picha

Sasa twende Ujerumani, kwa sababu ubishi wa picha ipi ni safi ulipata joto huko.

Oskar Barnack alikuwa fundi kwenye kampuni ya Ernst Leitz, mjini Wetzlar, kampuni iliyojulikana kwa hadubini. Alikuwa mgonjwa wa pumu na hakuweza kubeba kamera nzito. Akachukua filamu ya sinema, ile ya milimita 35, akaitengenezea kamera ndogo ya kuingia mfuko wa koti. Ya majaribio ilikuwa tayari karibu na mwanzo wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1925 ikaonyeshwa kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig kwa jina la Leica. Karibu kila kamera ya filamu ambayo wazazi wetu waliiona studio ilitumia filamu ya kipimo kile kile cha Barnack.

Mwaka 1932 kampuni ya Zeiss Ikon ya Dresden ikajibu kwa kamera yake, Contax. Hebu tuzilinganishe kama vijana wetu wanavyolinganisha.

Kwanza picha. Contax ilikuwa na lenzi za Sonnar, zilizobuniwa na Ludwig Bertele. Zilifunguka sana, zikaingiza mwanga mwingi, kwa hiyo mpiga picha aliweza kufanya kazi jioni au ndani ya nyumba. Lenzi iliyokuja na Leica za kwanza ilikuwa safi lakini ilihitaji mwanga zaidi. Pili uwezo. Ukitaka kuweka filamu kwenye Contax, mgongo wote wa kamera unatoka. Kwenye Leica unakata ncha ya filamu kwanza, halafu unaipenyeza kwa chini. Contax II ya mwaka 1936 iliunganisha kupima umbali na kutazama picha kwenye kidirisha kimoja. Wenye Leica walisubiri hadi mwaka 1954 kupata hicho. Tatu bei. Zote zilikuwa ghali, na Contax ilikuwa ghali zaidi.

Ukisoma karatasi tu, Contax imeshinda, isipokuwa kwenye bei. Lakini pazia la ndani linalofunguka na kufungwa wakati wa kupiga picha, kwenye Contax lilikuwa la vipande vya chuma vilivyofungwa kwa utepe wa hariri. Utepe ukichakaa, fundi wa kuutengeneza ulimtafuta kwa tochi. Pazia la Leica lilikuwa la kitambaa, jambo rahisi zaidi. Wapiga picha wengi wakaipenda Leica kwa sababu ilikuwa nyepesi na haikuwasumbua. Mfaransa Henri Cartier-Bresson alifanya kazi yake kubwa kwa Leica. Robert Capa naye, Myahudi wa Hungaria aliyekimbilia Berlin na kisha kuikimbia Ujerumani mwaka 1933, alishuka na majeshi kwenye ufuko wa Normandy tarehe 6 Juni 1944 akiwa na Contax. Kila mmoja alifanya kazi na chombo alichokizoea.

Kuna sehemu ya historia hii ambayo iliniweka kimya. Hitler alipochukua madaraka mwaka 1933, mkuu wa kampuni ya Leica, Ernst Leitz wa pili, alianza kuwapa Wayahudi kazi na mafunzo, kisha akawatuma nje ya nchi, wengi New York, kana kwamba ni wafanyakazi wa kampuni wanaohamishwa. Inasimuliwa kwamba waliofika huko walikuwa na Leica mpya shingoni. Mimi nasoma jambo hilo kama mkimbizi. Noti mpakani zinakaguliwa, zinanyang'anywa. Kamera shingoni ni mali na ni kazi kwa pamoja: ukikwama unaiuza, usipokwama unaitumia. Binti yake Leitz, Elsie, alikamatwa na polisi wa siri wa Wanazi kwa kusaidia wanawake Wayahudi kuvuka kwenda Uswisi. Tusimfanye mtu malaika, lakini. Kampuni hiyo hiyo wakati wa vita ilitengenezea jeshi la Ujerumani vifaa, na ilitumia wafanyakazi wa kulazimishwa kutoka Ukraine.

Contax nayo vita viliihamisha. Dresden ilipigwa mabomu, ikaangukia upande wa Wasovieti. Mitambo na ujuzi wa kutengeneza Contax vikachukuliwa kama fidia ya vita, vikapelekwa mji wa Kiev. Tangu mwaka 1947 kamera karibu ile ile ikatoka huko kwa jina la Kiev. Kampuni ya Zeiss yenyewe ikagawanyika, mashariki na magharibi, zikashtakiana mahakamani kwa ajili ya jina. Sikujua kwamba hata kamera inaweza kuhamishwa na vita, ikabadilishiwa jina na kupewa uraia mwingine.

Uwezo

Wakati Wajerumani wakigawanyika, Wajapani walikuwa wanajenga. Na hapa wale wa Simba na Yanga wasikilize vizuri, maana kuna habari wengi hawaijui.

Kampuni tunayoiita Nikon ilianza mwaka 1917 mjini Tokyo kwa jina la Nippon Kogaku, ikitengeneza lenzi na vifaa vya kutazamia mbali. Canon ilianza mwaka 1933 kwenye karakana ndogo, Tokyo hiyo hiyo, ikitaka kutengeneza Leica ya Kijapani. Walijua kutengeneza mwili wa kamera, lakini lenzi hawakuwa nazo. Kamera yao ya kwanza sokoni, Hansa Canon ya mwaka 1936, ilitumia lenzi ya Nikkor. Nikkor ni lenzi za Nikon. Kwa hiyo kabla ya ubishi wenu wote, jicho la Canon lilikuwa la Nikon.

Baada ya Vita vya Pili, Nikon nayo ikaanza kutengeneza kamera. Ya kwanza, mwaka 1948, kwa nje ilifanana na Contax na pazia la ndani lilifanana na la Leica. Dunia haikuzijali. Bidhaa ya Japani wakati ule ilionekana kama sisi tunavyoona kitu feki. Halafu mwaka 1950 mpiga picha wa jarida la LIFE, David Douglas Duncan, akiwa Tokyo, alijaribu lenzi za Nikkor akakuta zinashindana na za Wajerumani. Vita vya Korea vikaanza mwaka huo huo. Duncan na wenzake wakaenda nazo, picha zikarudi Marekani, na wahariri wakauliza lenzi hiyo ni ya nani. Sifa ya Nikon ikajengwa hapo, kwa picha zenyewe.

Mwaka 1959 Nikon ikatoa Nikon F. Hii ina kioo ndani, kwa hiyo unachungulia kupitia lenzi yenyewe na unaona kile kitakachopigwa. Haikuwa ya kwanza ya aina hiyo, lakini ilikuwa na lenzi nyingi za kubadilisha, vipuri, na mwili mgumu kweli kweli. Mwingereza Don McCullin alikuwa na Nikon yake huko Kambodia, risasi ikaipiga kamera na yeye akabaki mzima. Canon walijaribu kujibu mwaka huo huo wa 1959, lakini kamera yao haikufika mbali. Jibu lao la kweli lilikuja mwaka 1976 na AE-1. Waliweka kompyuta ndogo ndani ili ifanye kazi ambayo zamani ilihitaji vipande vingi vya chuma. Vipande vikapungua, bei ikashuka, na mtu asiye fundi akapata picha yenye mwanga sawasawa. Ziliuzwa mamilioni.

Halafu kuna uamuzi wa mwaka 1987 ambao hadi leo unagusa mfuko wa anayenunua mtumba. Lenzi inashikana na kamera kwa pete yenye meno. Nikon wameibakiza pete ya mwaka 1959 miaka na miaka, kwa hiyo lenzi nyingi za zamani zinaingia kwenye miili ya baadaye. Canon, mwaka 1987, walitupa pete yao ya zamani na kuanza upya kwa kamera za EOS. Wenye lenzi za zamani walilia. Lakini pete mpya ilikuwa ya umeme tupu, na mota ya kulenga ikakaa ndani ya kila lenzi. Ndani ya miaka michache viwanja vya mpira vilijaa lenzi ndefu nyeupe za Canon.

Nani alikuwa sahihi? Nikon walimheshimu mteja wa zamani na Canon waliona mbali. Ila kwa mnunuzi wa leo kuna mtego. Tangu mwaka 2006 baadhi ya kamera ndogo za Nikon hazina mota ya kulenga ndani. Ukizifunga lenzi ya zamani isiyo na mota yake, lenzi inaingia vizuri, lakini utalenga kwa mkono. Muuzaji wa mtumba hatakwambia hilo. Kwenye Canon EOS za kioo, lenzi ya EF ya mwaka 1987 inalenga yenyewe hata kwenye mwili wa miaka mingi baadaye.

Swali la nne

Nimezungumzia bei, picha na uwezo. Mbona bado kuna picha za sherehe ambazo mtu mweusi zaidi katika kundi anabaki meno na macho?

Filamu ya rangi si kioo kinachoonyesha kila kitu sawa. Ni dawa zilizopangwa na watu, na watu hao walikuwa na uso fulani akilini. Kwenye maabara za kusafisha picha, mafundi walitumia kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke. Kodak waliitoa, na ikajulikana kwa jina la Shirley, jina la mwanamke wa kwanza kupigwa. Kwa miaka mingi Shirley wote walikuwa wazungu. Uso wake ukitoka vizuri, mashine iko sawa. Uso wako ukipotea kwenye kivuli, tatizo linaonekana ni lako.

Lorna Roth, msomi wa Kanada, aliwahoji watu waliofanya kazi Kodak. Alichoambiwa ni kwamba msukumo wa kurekebisha filamu ionyeshe vizuri rangi ya kahawia ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha. Walilalamika kwamba chokoleti nyeusi na ile ya maziwa, mbao hii na ile, zote zinatoka rangi moja. Yaani chokoleti ilisikilizwa kabla yetu. Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja miaka ya 1990.

Kamera pia inaweza kuona uso vizuri kwa nia mbaya. Polaroid, mshindani wa Kodak, sifa yake ilikuwa picha inayotoka papo hapo. Uwezo huo ulifaa sana kutengeneza vitambulisho kwa haraka. Mwaka 1970, wafanyakazi wawili Weusi wa Polaroid huko Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua kwamba mashine za kampuni yao zinatumika Afrika Kusini, kwenye mfumo wa pasi ambazo kila Mwafrika mtu mzima alilazimika kubeba. Wakaanzisha kampeni, wakaomba watu wasinunue Polaroid. Wote wawili kazi iliisha. Kampuni ikasema haitauzia serikali ile moja kwa moja, lakini mwaka 1977 ikajulikana kwamba wakala wake huko alikuwa anauza kwa siri. Polaroid ikaondoka Afrika Kusini.

Wazee wa Kenya walikuwa na kipande tangu miaka ya 1920: karatasi yenye alama za vidole na maneno ya mwajiri, ndani ya kisanduku cha bati, shingoni. Nikifikiria Leica shingoni mwa kijana anayeshuka melini New York, na kipande shingoni mwa mzee wa Nairobi, naona swali la nne waziwazi. Kifaa hiki kinamwonaje mtu kama mimi, na picha inabaki mikononi mwa nani?

Sisi hapa tunapigwa picha sana. Tunapigwa kwa ajili ya kadi, ya orodha, ya ripoti, ya kalenda ya wafadhili. Kamera zinazokuja ni nzuri, lenzi ndefu, na wenye kamera wengi ni watu wa heshima. Lakini hesabu nyumba ngapi kambini zina picha ya ukutani ya bibi aliyekwisha fariki. Picha zetu zipo, ziko kwenye kompyuta za watu wengine, na nyingi hazina hata jina alilokuwa nalo Nsala.

Sasa tununue ipi

Mabadiliko ya mwisho yalianzia Kodak yenyewe. Mwaka 1975 mhandisi wao Steven Sasson alitengeneza kamera isiyotumia filamu. Ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja, na picha ilikuwa na vidoa elfu kumi tu. Kodak, ambao chakula chao kilitoka kwenye filamu, hawakuikimbilia. Mwaka 1999 Nikon D1 ilikuja na megapikseli 2.7 kwa zaidi ya dola 5,000. Mwaka 2003 Canon ikatoa EOS 300D yenye megapikseli 6 kwa chini ya dola 1,000, na mwaka 2004 Nikon ikajibu kwa D70. Januari 2012 Kodak iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Na sasa simu. Kampuni ya Kichina ya Transsion, yenye Tecno, ilijenga jina Afrika kwa njia ambayo wakubwa waliidharau: laini mbili, betri inayodumu, na kamera iliyopangwa kwa nyuso nyeusi. Google nao mwaka 2021 walianza kutangaza simu zao kwa jambo hilo hilo la rangi zote za ngozi. Swali la nne limeingia sokoni, kwa sababu wenye nyuso hizi tumekuwa wateja.

Kwa hiyo nawaambia vijana hivi. Kati ya Canon na Nikon za bei yetu, picha hazipishani kiasi cha kugombana. Megapikseli 12 au 18 zote zinatosha picha ya ukutani. Kinachopishana ni lenzi. Kila upande una lenzi ya milimita 50 inayofunguka hadi f/1.8, ndogo, ya bei nafuu kuliko zote, na inaingiza mwanga mara kadhaa zaidi ya lenzi inayokuja na kamera. Harusi zetu zinaisha usiku kwa taa ya sola. Hiyo ndiyo Sonnar yetu. Tuulize pia betri ya pili inapatikana wapi na chaja inakubali sola yetu. Tusibadilishe lenzi nje wakati wa kiangazi, vumbi hili jekundu likiingia kwenye sensa fundi wake yuko mbali. Na tukumbuke utepe wa hariri wa Contax: kamera ambayo hakuna anayeweza kuitengeneza mjini, hata ikiwa na sifa, tuiache.

Na kama pesa hazitatosha, tuna simu. Samuel Fosso alizaliwa Kameruni, utoto wake uliguswa na vita vya Biafra nchini Nigeria, na mwaka 1975 akafungua studio mjini Bangui akiwa na miaka 13. Mchana alipiga wateja. Filamu ikibaki na nafasi chache, alijipiga mwenyewe usiku, apeleke picha kwa bibi yake Nigeria ajue mjukuu ni mzima. Mabaki hayo ya filamu ndiyo yaliyompa jina duniani. Mwaka 2014, Bangui ikiwa vitani, nyumba yake iliporwa, na waandishi wa habari waliokuwa pale wakaokoa filamu zilizotupwa njiani. Wezi walichukua vitu vya thamani. Picha waliziona takataka.

Siku tutakayokwenda kununua, kabla ya kutoa pesa tutafanya jaribio moja. Mweusi kuliko wote kwenye kikundi na mweupe kuliko wote watasimama bega kwa bega mlangoni pa duka, saa kumi na mbili jioni, bila flashi. Tupige, tukuze picha, tutazame nyuso zote mbili. Kama mmoja amepotea, tubadilishe mpangilio wa mwanga, tupige tena. Kama bado anapotea, tumrudishie mwenye duka kamera yake, hata iwe ya jina gani. Na ndugu zetu wa mashirika wanaosoma hapa, jaribio hilo ni bure, mnaweza kulifanya na kamera zenu. Mkishapiga, andikeni na majina, halafu mtuachie nakala moja.